Nunua koti la mtumba, kisha lifumue

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi kwenye ubunifu wa mavazi huwa wameshajiandaa na kalamu za rangi na daftari la michoro, wengine hadi tableti ya kuchorea. Mimi huwaambia waende soko la Karume asubuhi, watafute koti la kiume lililoshonwa vizuri ambalo bei yake imeshuka kwa sababu bitana imechanika au vifungo vimepotea, warudi nalo nyumbani walifumue lote. Bado nasoma fani hii hapa Dar es Salaam, na hakuna zoezi lililonifungua macho kama hilo.

Kufumua kunataka subira. Chukua wembe mkali, ukate uzi peke yake bila kugusa kitambaa. Anza na bitana kwenye upindo wa chini, uje kwenye mikono, kola iwe ya mwisho. Kila hatua piga picha kwa simu, na kila kipande kiandike kwa chaki: mbele kulia, mgongo kushoto, mkono wa juu, mkono wa chini. Usipoandika, vipande vya mkono vitakuchanganya, maana ukivitandika sakafuni havifanani kabisa na mkono wa mtu.

Utakayoyaona humo ndani huwezi kuyaona kwenye picha ya mwanamitindo. Bitana ya mgongoni ina mkunjo katikati, umeachwa makusudi ili mvaaji akinyoosha mikono mbele isichanike. Kola ya chini imekatwa ndogo kidogo kuliko ya juu, mara nyingi kwa mshazari, ndiyo maana mshono unajificha chini na kola inalala shingoni bila kubinuka. Kifuani kuna kitambaa kigumu cha ndani. Kwenye koti la bei nafuu kimebandikwa kwa gundi na pasi, na baada ya kufuliwa sana unaona vipovu juu ya kitambaa. Kwenye koti la gharama kimeshikizwa kwa mishono midogo ya mkono, mamia kwa mamia, na ukikiviringisha kidoleni kinafuata umbo kama kinajua kinakokwenda.

Halafu chukua futi ya kamba, upime mzunguko wa kichwa cha mkono, yaani ukingo wake wa juu, kisha upime tundu la bega unamoingia. Mkono umezidi, mara nyingi kwa sentimita 3 hivi au zaidi, na bado koti lilipokuwa zima hukuona hata kikunyanzi kimoja. Ziada hiyo ndiyo inayolipatia bega uduara na kumwezesha mtu kusogeza mkono bila koti zima kupanda juu. Nilikuwa nimesoma jambo hili darasani nikalijibu vizuri kwenye mtihani, lakini nililielewa siku nilipolipima mwenyewe.

Ukimaliza, chora vipande vyote kwenye karatasi ya kaki, uongeze nafasi ya mshono pale iliporaruka, kisha ukate upya kwa amerikani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida, ushone. Hapo ndipo utakapokwama, na hapo ndipo utakapomhitaji fundi.

Namaanisha fundi wa barazani, yule mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Video za mtandaoni zinasaidia, lakini video haioni mkono wako unavyokosea. Mama mmoja wa Ilala, ambaye anashona tangu kabla sijazaliwa, alinitazama nikihangaika kuingiza mkono kwenye bega, akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, mbona unavuta? Kiache kitambaa kitembee, wewe kiongoze tu." Akavigeuza vipande, kile kirefu akakiweka chini, kifupi juu, akaanza kukanyaga taratibu. Meno ya cherehani yakawa yanakula ile ziada ya chini kidogokidogo, mpaka ncha mbili zikakutana sawasawa bila mkunjo. Kitabu changu kilikuwa kimeeleza kazi hiyo kwa kurasa kadhaa, lakini hakikutaja kipande kipi kiwe chini na kipi kiwe juu.

Nenda kwa fundi kwa adabu. Msalimie, muulize saa ambayo hana wateja wengi, jitolee kufumua, kupiga pasi au kushona vifungo. Na siku ukiwa na jina, umkumbuke. Naumia sana ninapoona mbunifu anapigwa picha jukwaani, maua mkononi, na fundi aliyekesha akishona yale magauni bado anasubiri hela yake. Patana bei kabla mkasi haujagusa kitambaa, toa kianzio, malizia siku kazi inapokabidhiwa. Ukiweka picha ya gauni mtandaoni, andika na jina la aliyelishona kama mwenyewe ameridhia.

Jambo jingine la kutafuta kwenye nguo unayofumua ni lebo, ile ndogo ya ubavuni yenye nchi na aina ya kitambaa. Zisome zote. Utakutana na Bangladesh, China, Vietnam, Honduras. Mimi kila nikiona Bangladesh nakumbuka jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye cherehani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa warudi kazini. Mwanafunzi wa mitindo anayejua majina ya wabunifu wa Paris na hajui habari hii hajaijua tasnia yake.

Na lebo ya kwetu iko wapi? Pamba tunalima, Simiyu na Shinyanga zinafahamika kwa hilo, ila sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa marobota ya nyuzi ghafi na kutusubiri Kariakoo ikiwa kitambaa cha watu wengine. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na wazee wetu walivaa khanga zake. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani kwa nchi za Afrika, ikawekwa rehani. Wengine tukarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo.

Sikuambii haya ili uwachukie wauza mitumba. Dada zangu wamesomeshwa na belo, lile robota la mitumba. Nakuambia ili ujue unashindana na nini. Fulana ya mtumba inauzwa chini ya gharama yako ya kitambaa na uzi, kwa hiyo usijenge biashara juu ya fulana. Tafuta kile ambacho belo haliwezi kuleta.

La kwanza ni ukaaji wa nguo mwilini. Simama nusu saa karibu na mafundi wanaokaa pembeni ya soko la mitumba, uhesabu suruali za akina dada zinazoletwa kubanwa kiuno. Nyonga zimetosha, kiuno cha nyuma kinapwaya, kwa sababu pateni yake, yaani kielelezo cha kukatia, ilitengenezwa kwa umbo jingine. Weka daftari la vipimo vya kila unayemshonea: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo, duara la mkono. Baada ya muda utakuwa na saizi zako mwenyewe, zinazotoka kwenye miili ya watu wa mtaani kwako, na daftari hilo lina thamani kuliko michoro yako yote.

La pili ni kukijua kitambaa kabla ya kukinunua. Kariakoo utaambiwa kila kitu ni pamba. Omba uzi kidogo kutoka ukingoni, uuchome mbali na nguo, juu ya sahani ya maji. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha punje ngumu nyeusi. Kitambaa kilichochanganywa kinafanya yote mawili, nacho si kibaya, ila mteja wa Dar kwenye joto la mwezi wa pili ana haki ya kujua anachovaa.

La tatu, ninalolipenda kuliko yote, ni khanga na kitenge. Khanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa. Ukiikata kama kitambaa cha kawaida unaua kila kitu. Ipange kwanza mwilini kwa pini: pindo liende upindo wa gauni au ukingo wa mkono, mji ukae mgongoni au kifuani, na jina lisomeke. Nimeona gauni zuri ambalo maneno yamekatwa katikati na mshono wa ubavu, na kila mwanamke aliyepita akawa anageuza shingo kuyatafuta.

Kitenge nacho kinataka macho. Maua makubwa yakiangukia mahali pabaya kifuani, hakuna mshono utakaoliokoa gauni. Tandika pateni juu ya ua lenyewe, anza na kipande cha mbele, kisha tafuta ua linalolingana kwa ajili ya mgongo, ili kwenye zipu nusu mbili zikutane na kuwa ua moja. Kazi hiyo inakula kitambaa. Kwa hiyo kaa na mteja kabla hajaenda dukani, umwonyeshe kwenye kipande halisi jinsi ua linavyorudiwa, na umwambie anunue pisi nzima ya yadi 6, hata kama shoga yake alishonewa gauni la mtindo huohuo kwa yadi 4.