Uliza Fundi: Pikapu Kuukuu na Tela Zito

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli 3L, foo-wili. Niliinunua Tanga miaka miwili iliyopita na kule ilikuwa inavuta bila wasiwasi. Sasa niko nayo Kibosho. Kazi yangu ni kupandisha mabua na majani ya ng'ombe kutoka Mabogini kwa tela la ekseli moja, na nikishuka napakia ndizi za soko la Mbuyuni. Mlimani naishia gia namba moja, moshi mweusi unawafunika walio nyuma yangu, na sindano ya joto inapanda. Nilishaweka matairi makubwa nikidhani yatasaidia. Fundi wangu anasema tufungue skrubu ya pampu ili imwage dizeli zaidi, au tulifungie turbo la injini iliyokufa. Nifanye lipi? Msomaji, Kibosho.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifanye hata moja kati ya hayo mawili. Mwambie fundi wako asubiri.

Umeniandikia maneno mawili ambayo kwangu ndiyo jibu lenyewe: Tanga, na moshi mweusi. Tanga ni usawa wa bahari. Kibosho uko juu, na ukifika mita 1,400 hivi hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 13. Injini ya 3L haina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe tu. Pampu yako haijui kwamba umehamia mlimani, inaendelea kumwaga dizeli kwa kipimo cha Tanga. Dizeli isiyopata hewa ya kuiunguza ndiyo inayotoka nyuma ikiwa masizi. Kwa hiyo gari lako tayari lina mafuta ya ziada, linachokosa ni hewa. Ukifungua skrubu unaongeza kile kilichozidi. Moshi utakuwa mzito zaidi, joto litapanda zaidi, na nguvu utakayoipata ni kidogo mno.

Sasa tupige hesabu, maana nataka uamini kwamba nguvu unayo. Injini ya 3L ikiwa nzima inatoa kama nguvu za farasi 90. Toa asilimia 13 za mwinuko, zinabaki 78 hivi. Chukua gari na tela vyote pamoja tani 3.5, mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kazi hiyo inataka kama nguvu za farasi 40, pamoja na zile zinazopotea kwenye gia boksi na difu. Arobaini tu. Kama unaipanda kwa gia namba moja huku unakohoa moshi, basi zaidi ya theluthi ya nguvu yako imelala mahali fulani ndani ya gari hilohilo. Tuitafute huko kabla hujanunua nyingine.

Anza na rejeta. Nimefanya kazi Pasua miaka mingi, na pikapu za wabeba mabua nazijua nikizitazama mbele tu. Makapi yanapeperuka kutoka kwenye mzigo wa gari lililo mbele yako na kutoka shambani unapopakia, yanaingia kwenye mapezi ya rejeta, yanakaa humo kama pamba kwenye mto. Kwa nje rejeta inaonekana safi. Ifungue, iinamishe juani uangalie kama mwanga unapita. Mwaka jana niliitoa moja ambayo mwanga ulipita kwenye kona mbili tu, zote za juu. Ioshe kwa maji ukielekeza mpira kutoka upande wa injini kwenda nje, makapi yarudi yalikoingilia. Usitumie presha kali, mapezi yatalala. Kisha pima klachi ya feni: injini ikiwa na joto, zima, halafu zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama pangaboi, haivuti hewa ya kutosha. Na kama kuna mtu alikutolea themostati, ile vali ya maji inayofunguka kwa joto, akakwambia gari litapoa, irudishe. Huo ni ushauri mbaya ambao nimeusikia kila gereji kuanzia Njiro hadi Himo, na umeharibu injini nyingi.

Baada ya hapo njoo kwenye hewa. Filta ya hewa ya gari linalokaa kwenye vumbi la Mabogini haisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Angalia pia ekzosi kwa chini, mara nyingi imebonyea kwa kupigwa na jiwe na hakuna aliyejua.

Halafu dizeli. Hapa nenda polepole, kwa sababu ndipo ninapokuta ugonjwa mara nyingi zaidi. Juu ya filta ya dizeli kuna ile pampu ya mkono ya kubonyeza. Mpira wake ukichakaa hauvujishi dizeli nje, unavuta hewa ndani, na kwa macho huoni kitu. Nunua kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, mita moja inatosha, uuweke kati ya filta na pampu. Washa. Dizeli iliyo sawa inapita kama chai ya rangi, imetulia. Ukiona vipovu vinakimbiana, hata vidogo kama punje za uwele, umeshamkamata mwizi mmoja. Mwenye Hilux kama yako alikaa hapa gereji akavitazama vile vipovu kama dakika tano nzima bila kusema neno, kwa sababu alikuwa ameshauza mbuzi wawili kununua pampu ya mtumba ambayo hakuihitaji.

Nozeli nazo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zitolewe zikapimwe kwenye mashine. Nozeli nzima inatoa ukungu, nozeli mbovu inadondosha. Kisha kompresheni, yaani presha ya hewa inayogandamizwa ndani ya silinda. Injini ya 3L ikiwa mpya inatoa karibu PSI 450 kwa kila silinda. Ikishuka chini ya 285, au silinda moja ikipishana na mwenzake kwa zaidi ya 70, hakuna skrubu wala turbo litakalokusaidia, hapo tunazungumzia valvu, ringi au oveholi. Usisahau kuuliza taimingi belti ilibadilishwa lini.

Matairi. Hapa mwanangu nitakusema kidogo. Tairi la awali la gari hili lina kimo cha sentimita 74 hivi. Kama umeweka yenye sentimita 80, kila gia uliyonayo imekuwa nzito kwa asilimia 8. Ni sawa na kumwongezea mzigo punda ambaye tayari anapanda mlima wa Kibosho. Rudisha saizi ya zamani. Mwenye fedha na hamu ya gari refu abadilishe na meno ya difu, mbele na nyuma, yalingane, lakini kwa kazi yako sioni sababu.

Na kuna kitu kimoja cha bure. Kama habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya magurudumu, ni zile za kuzungusha kwa mkono, ziache kwenye FREE, kisha ingiza gia ndogo ya foo-wili. Gurudumu za mbele hazitavutwa, kwa hiyo hata kwenye lami kavu hakuna kitu kinachokazana, ila sasa una gia fupi za kupandia kwa utulivu. Achia klachi taratibu, kwa sababu nguvu yote inaenda kwenye difu ya nyuma peke yake.

Kuhusu turbo la injini iliyokufa, nitakusimulia langu. Mwaka 2008 nilikuwa na Hilux yenye 3L kama yako. Fundi mmoja wa Arusha alinifungia turbo la mtumba na akaifungua pampu. Wiki tatu gari liliruka. Nikapakia saruji ya nyumba ya mama yangu kule Karatu, nikavuka Mto wa Mbu, nikaanza kupanda ule ukuta wa bonde. Katikati ya mlima nikasikia mlio kama mtu anagonga sufuria ndani ya injini, halafu moshi wa bluu, halafu kimya. Tulilala pale, mimi na utingo, tukiwa tumeweka mawe nyuma ya magurudumu ya tela. Tulipokuja kufungua silinda hedi, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole changu kilipita, na kando ya tundu alumini ilikuwa imetiririka ikaganda, vidonge vidogo vinavyong'aa, kama nta ya mshumaa. Ile pistoni bado ninayo, iko kwenye dirisha la gereji. 3L inagandamiza hewa mara 22 hata kabla hujaiongezea kitu. Ukiisukumia hewa zaidi na dizeli zaidi bila geji ya kupima joto la ekzosi, hujui unakaribia wapi mpaka uwe umeshafika. Kama kweli utataka turbo, tafuta injini iliyotoka kiwandani nalo, kwa mfano 1KZ, ukijua kwamba utabadilisha na gia boksi, utahitaji rejeta kubwa, na namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ukairekebishe TRA.

Mwisho niliuweka makusudi, kwa sababu ndilo linaloninyima raha katika barua yako, na wewe hukuliuliza. Unapopanda umebeba mabua. Unaposhuka umebeba ndizi. Mikungu sitini ya kilo 25 ni tani moja na nusu, na inakusukuma mgongoni kutoka Kibosho hadi mjini. Tela lako lina breki? Vitabu vingi vya pikapu vinaruhusu kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki. Kabla ya senti yoyote kwenda kwenye injini, mtafute fundi wa matela akufungie zile breki zinazojikamata zenyewe tela linaposukuma. Panga mikungu ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano ya kuvutia tela. Ukirundika nyuma, tela litaanza kucheza mkia, na likishaanza hulizuii kwa usukani. Shuka kwa gia ileile uliyopandia. Nakuomba sana, hili lianze.

SWALI: Fundi habari. Nina Land Cruiser pikapu yenye 1HZ, navuta tela la mahema na jenereta kutoka Arusha kwenda Karatu. Inapanda lakini kwa shida. Je, na hii nayo turbo ni marufuku? Msomaji, Sakina.

JIBU: Njema, ndugu yangu. Hapana, 1HZ ni injini nyingine. Ina lita 4.2, silinda sita, nguvu za farasi 130 hivi, na wapo wengi walioifungia turbo ikadumu. Lakini nayo inagandamiza zaidi ya mara 22, kwa hiyo nataka uishike kwa adabu. Kompresheni ipimwe kwanza. Presha ya turbo isizidi PSI 7 hivi. Geji ya joto la ekzosi iwekwe kabla ya turbo, na mlimani ukiona inakaribia nyuzi 650 za Selsiasi punguza mguu, shusha gia, usibishane nayo. Dizeli iongezwe kidogo na mtu mwenye mashine ya kupimia pampu, asiwe mtu mwenye bisibisi tu. Oili badilisha kila kilomita 5,000. Fundi atakayekwambia geji si lazima, mshukuru na uondoke.

Na ukishafika juu Rhotia ukataka kusimama kunywa chai, usizime papo hapo. Iache sailensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, dakika mbili, oili iendelee kuzunguka turbo lipoe.