Django 3.2 hadi 5.2 kwa ajenti: usiruke

Kaka, umeuliza kama ajenti wa akili mnemba (programu inayoandika msimbo yenyewe) anaweza kuhamisha mfumo wa loji yako kutoka Django 3.2 hadi 5.2, Django ikiwa ni fremu ya Python ya kutengenezea tovuti. Kazi hiyo ataiweza, ila usimwache aruke kwa mkupuo. Mpeleke 4.2 kwanza, hifadhi kwenye Git (inayotunza kila hatua ya msimbo), ndipo aendelee. Mfumo wa loji yako ya Raskazone hauna majaribio ya msimbo yanayojiendesha, umesema mwenyewe. Basi ayaandike kwanza, juu ya toleo la zamani, kabla hajagusa kingine. Uyasome. Ajenti wakati mwingine hulegeza jaribio lililofeli badala ya kurekebisha msimbo.

Balaa lipo kwenye CSRF, yaani kinga dhidi ya fomu za kughushi zinazotumwa kutoka tovuti nyingine. Tangu 4.0, CSRF_TRUSTED_ORIGINS, orodha ya anwani zinazoaminika, inataka kila anwani ianze na https:// au http://. Majaribio ya Django kwa kawaida hayakagui CSRF, kwa hiyo ajenti anaweza kukuambia yote shwari, halafu mgeni anajaza fomu ya kuweka chumba anakutana na 403, kosa la kukataliwa. Hiyo ijaribu kwa mkono, kwenye seva ya majaribio yenye HTTPS.

Kuanzia 5.0, kutoka kwenye akaunti kunataka POST, yaani ombi linalotumwa kwa fomu, kiungo cha kawaida hakitoshi. Na 5.2 inahitaji Python 3.10 au zaidi, angalia seva yako.

Funguo za siri za mfumo wa malipo ziondoe kwenye folda anayoisoma ajenti.