Ukuta wa udongo na mabua unapovimba: je, tuuzibe?

Swali: Mhariri, mwaka uliopita nilijenga nyumba ya vyumba viwili huko Ruai, mashariki ya Nairobi, kwa udongo uliochanganywa na mabua ya ngano, na fundi akaipiga plasta ya saruji nje ili mvua isiiharibu. Tangu mvua za masika, plasta imevimba upande wa chini, na chumba cha watoto kinanuka uvundo. Fundi anashauri tubandike karatasi ya nailoni ukutani kisha tupige plasta upya. Je, itafaa? Na mbona usiku wa Julai nyumba ilikuwa baridi, ilhali niliambiwa udongo hutunza joto? – Msomaji, Ruai

Jibu: Ndugu msomaji, nakusihi usibandike nailoni hiyo. Udongo hufura unaponyonya unyevu na hunywea unapokauka, lakini saruji ni ngumu na haifuatani nao, hivyo hupasuka nyufa nyembamba ambazo mvua huzipenya kwa urahisi, na maji yakishaingia, saruji hiyohiyo huyazuia yasitoke kwa njia ya mvuke. Mabua yakikaa na unyevu unaozidi takriban asilimia 20 ya uzito wake kwa muda mrefu, huota kuvu na hatimaye huoza. Huo ndio uvundo unaousikia. Nailoni itaziba hata njia ndogo iliyosalia.

Bandua saruji, ukianzia chini palipovimba. Mabua yaliyokuwa meusi na kumeguka yaondolewe, na ukuta uachwe wazi ukauke kabisa. Januari na Februari ndiyo miezi ifaayo. Kisha kandika plasta ya udongo yenye mabua yaliyokatwakatwa, na juu yake tabaka nyembamba za chokaa, ambayo hustahimili mvua na bado huruhusu mvuke kupita. Fundi avae glavu na miwani, kwa maana chokaa mbichi huunguza ngozi na macho.

Hata hivyo, plasta njema haitaokoa ukuta uliosimama majini. Udongo mweusi wa sehemu nyingi za mashariki ya Nairobi hushika maji kwa siku nyingi, nayo hupanda ukutani pale ambapo msingi wa mawe haukuinuliwa vya kutosha juu ya ardhi. Chimba mtaro wa kokoto kuizunguka nyumba, uelekeze maji mbali, na urefushe upenu wa mabati.

Kuhusu baridi, udongo hulimbikiza joto la jua la mchana na kulitoa usiku, lakini Julai mawingu ya Nairobi huweza kulifunika jua siku kadhaa mfululizo, na ukuta ukakosa cha kutoa. Kinachozuia joto lisitoroke ni hewa iliyonaswa ndani ya mabua, nayo maji yakichukua nafasi yake, kinga hiyo hupotea. Ukuta ukishakauka, weka dari chini ya mabati, kwani joto jingi hupotelea huko. Kwa sasa wahamishe watoto walale chumba kingine hadi uvundo utakapokwisha, maana kuvu hudhuru mapafu.