Dawa za Kuku na Maji ya Kisima

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, jirani yetu anafuga kuku wa nyama upande wa juu wa kisima chetu. Tangu siku vifaranga wanapoingia bandani huwachanganyia oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kupambana na bakteria, katika maji ya kunywa, akisema ni kinga ya mdondo. Samadi huirundika ukingoni mwa mfereji, na mvua ikinyesha maji yake huteremkia kwetu. Je, tukichemsha maji tumesalimika? – Msomaji, Kibaha

JIBU: Ndugu msomaji, endeleeni kuchemsha, kwa kuwa maji yakitokota sawasawa bakteria hufa, hata wale sugu, yaani wasioshindwa tena na dawa. Hata hivyo, mchicha unaomwagiliwa kwa maji hayo na watoto wanaocheza mferejini hawalindwi na sufuria ya jikoni.

Oksitetrasaiklini haiishii mwilini mwa kuku. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Katika samadi na tope la mfereji, kiasi hicho huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, nao hupeana vipande vya vinasaba vinavyobeba usugu huo, hata wakiwa wa aina tofauti. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba kinasaba kiitwacho mcr-1 kimeonekana katika nguruwe, katika nyama na kwa wagonjwa, kikiwakinga bakteria dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa ajili ya mgonjwa ambaye dawa nyingine zimeshindwa kumponya. Mwaka 2017 nchi hiyo ilipiga marufuku kuitumia kolistini kukuzia mifugo.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba jirani yenu anaingia gharama hiyo bure. Mdondo huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kinga yake ni chanjo.

Mwendeeni kwa upole, pamoja na afisa mifugo wa kata, ili apangiwe ratiba ya chanjo. Mwombeni pia aihamishe samadi mbali na mfereji, aifunike, na kuiacha iive kwa joto lake yenyewe kabla ya kuipeleka shambani, maana joto hilo hupunguza bakteria na hata sehemu ya dawa iliyosalia. Kuku wakiugua kweli, wachunguzwe kwanza, wapewe dozi kamili ya dawa inayofaa, na wasichinjwe kabla ya kutimia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio.