Mleta mada, usimfungue kamba huyo mbwa Jumamosi

Dada hapana. Hapana kabisa. Nimesoma maswali yako ya chakula, pa kulala, paka na mtoto, nikafika pale unaposema Alhamisi unamleta mbwa wako wa kwanza na Jumamosi unampeleka uwanjani umfungue kamba ajisikie huru, eti kwa sababu watu wa kituo cha kuokoa mbwa wanaokupa wamesema ni mpole na haendi popote. Nikaacha kusoma. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Nilichukua jike mmoja kituo cha kuokoa mbwa nikamwita Tausi. Siku mbili za kwanza kajibana nyuma ya kochi, habweki, ukimshika ametulia tuli, anapiga miayo wakati hana usingizi na kujilamba midomo wakati hajala kitu, ukimwangalia anageuza uso pembeni. Nikawa nawasifia watu jamani nimepata mbwa mwenye adabu. Ile haikuwa adabu ni hofu, mbwa kaganda kwa woga, anasubiri tu upenyo wa kukimbia, na miayo ile na kulamba midomo ndizo dalili zenyewe. Watu wa kituo wanaishi na mbwa kila siku, hizo dalili wanazijua kuliko mimi na wewe, lakini hakuna aliyefungua mdomo, wamenipa karatasi nisaini na kamba moja nyembamba, kwaheri. Mpaka leo nikikumbuka moyo unachemka. Kumtoa mbwa kwenye banda sio kumuokoa kama hujamwambia anayempokea anapokea nini.

Siku ya tatu nimemtoa nje, kola ya kawaida shingoni, kamba moja. Jirani akabamiza geti la chuma. Tausi hakukimbia mbele kama unavyodhani, alirudi NYUMA, akainamisha kichwa, masikio yakalala, kola ikapita kichwani kama bangili inavyotoka mkononi. Nikabaki nimeshika kamba na kola inaning'inia, bado imefungwa vizuri, ina manyoya yake mawili matatu, na kile kibati chenye namba yangu ya simu kipo hapo hapo kwenye kola. Mkononi mwangu. Chipu ya chini ya ngozi alikuwa nayo ila ilisajiliwa kwa namba ya simu ya kituo, na chipu yenyewe ni namba ya tarakimu 15 tu, haisomeki mpaka mtu amshike na kumskani, haikuonyeshi mbwa yuko wapi, msidanganyane.

Sasa hapa ndio pa kusoma mara mbili. Nilimkimbiza. Nikapiga kelele nikimwita kwa jina, watoto wakaungana na mimi, watu wazima nao wakaungana, kila mtu anataka kusaidia. Jina lenyewe ana siku tatu nalo, wewe ungehamishiwa kwa watu usiowajua ukabatizwa jina jipya, leo ungeitika? Siku ya nne mtu akanipigia kwamba kamuona chini ya lori lililopaki. Nikaenda mbio, kweli yuko pale, akanyanyua kichwa tukaangaliana kabisa, na mimi kwa furaha nikaita "Tausi!" nikamfuata. Akachomoka upande wa pili, barabara ile hapo. Gari halikuwa hata na mwendo mkali.

Mbwa mwenye hofu kiasi hicho anakimbia kila mtu, hata mwenye mbwa aliyeishi naye miaka anaweza kukimbiwa. Ningekaa chini, nikampa ubavu, nisimwangalie machoni, nisiseme neno, nikawa nadondosha vipande vya nyama tu hata saa nzima, labda angekuja. Ningewaambia watu wakimuona wapige simu wasimsogelee, ningeweka chakula sehemu moja muda ule ule kila siku na fulana yangu isiyofuliwa pembeni. Hayo nimejifunza baada ya kumzika.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja na mbwa wote waliopita kwangu tangu hapo nimewalea nayo: KAMBA MBILI. Moja kwenye mkanda wa kifuani, ule wenye mshipi wa ziada unaopita nyuma ya mbavu ili akirudi nyuma usimvuke, ya pili kwenye kola inayobana kiasi cha vidole viwili kupita. Hata uani kwenye uzio, kamba. Geti halifunguliwi mpaka mlango wa ndani umefungwa. Muda gani? Watu wa uokoaji wana kauli ya siku 3, wiki 3, miezi 3, yaani hofu ishuke, azoee ratiba, ajione yuko kwao, ila hiyo ni makadirio, wangu mmoja alimaliza mwaka. Kumfungua ni mpaka umemwita mara nyingi ndani ya uzio, kuna vurugu na bado anakuja.

Chakula mpe kile kile anachokula sasa hivi, ubadilishe taratibu, tumbo lisichafuke. Ya paka na mtoto wengine watakujibu. Wewe kabla ya Alhamisi mvalishe yule mbwa kola yako hapo hapo kituoni, ivute taratibu kuelekea masikioni uone kama inapita, chipu isajiliwe kwa namba yako ya simu kabla hujasaini, halafu nitumie picha ya mikanda uliyonunua niiangalie.