Posa tuipeleke kwa nani?

SWALI: Mwanangu anaishi Hamburg, Ujerumani, na amepata mchumba wa huko aliyesilimu mwaka jana. Baba wa binti yu hai, lakini si Muislamu. Barua ya posa tumpelekee nani, na nani atamuozesha? Majirani nao wanasema kasilimu kwa ajili ya mume tu.
Mama, Wete, Pemba

JIBU: Mama yetu, barua mpelekeeni baba yake, na kilemba chake akipate, kama mama wa binti atakavyopata mkaja. Uwalii, yaani haki ya kumuozesha binti, ni jambo jingine. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, baba asiye Muislamu hawi walii wa binti Muislamu, na asipopatikana jamaa Muislamu mwenye haki hiyo katika ukoo wake, uwalii huenda kwa hakimu, ambaye hapa kwetu ni kadhi. Ujerumani haina kadhi wa serikali, hivyo mzigo huo kwa kawaida hubebwa na imamu wa msikiti.

Lakini nikaha ya msikitini peke yake haitambuliwi na sheria ya Ujerumani. Tangu 2009 watu wazima hawakatazwi kuifunga kabla ya kwenda serikalini, ila mume akifa, mjane wa nikaha tupu harithi kama mke. Waanze, basi, kwenye ofisi ya serikali inayosajili ndoa. Na kijana aanze mapema kutafuta cheti cha kuzaliwa na uthibitisho kwamba hana mke, pamoja na tafsiri zake. Kama ameacha mke hapo Wete (uniwie radhi, mama, sina budi kuuliza), ofisi haitamfungisha ndoa ya pili.

Kuhusu majirani: binti ametamka shahada, na ya moyoni si yao. Sayyida Salme wetu, binti wa Sultani wa Zanzibar, alibatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akahamia Hamburg hiyo hiyo. Leo mji huo unatuletea mkwe aliyevuka upande wa pili. Shida yake huenda ikawa upweke. Misikiti mingi ya Ujerumani iliasisiwa na Waturuki, walioanza kuingia kwa wingi baada ya mkataba wa wafanyakazi wa 1961, na aliyesilimu huweza kukaa safu ya nyuma, khutba nzima ikapita kwa Kituruki asiambulie neno. Mpigie simu mwenyewe, mama, hata kama mwanao ndiye atakayefasiri. Na barua ya posa iambatane na tafsiri ya Kijerumani, ili baba yake aisome bila ya kusomewa.