Kabla hujafunga skrini tisa ukutani, kagua ukuta kwanza

Wadau habari zenu. Siku hizi naulizwa sana kuhusu zile skrini za kuunganisha, zile tisa zinapangwa pamoja zinatoa picha moja kubwa, na karibu kila mtu anaanza na bei. Mimi nimeshafunga kwenye kumbi kadhaa hapa Dar, nawaomba sana anzeni na ukuta.

Chukua inchi 55, tatu kwa tatu. Upana unakuja kama mita 3.6 na kwenda juu mita 2, na kila skrini ina kilo ishirini na kitu, piga mara tisa, weka na vyuma vyake, huo ni mzigo wa zaidi ya kilo 200 unaning'inia juu ya vichwa vya watu. Ukumbi mmoja wa harusi nilikuta ukuta wa jipsamu, umepigwa rangi umependeza kweli, nikagonga kwa vidole nikasikia ngo ngo ngo, ndani hamna kitu. Ikabidi tuchomelee fremu ya skwea paipu kuanzia sakafuni mpaka juu na kuifunga kwenye nguzo za zege.

Hata ukuta wa tofali vuta uzi kona kwa kona, kuta zetu nyingi zina tumbo. Kazi yangu ya kwanza tuliamini macho, mstari wa chini ukakaa umeinama kidogo tu kama milimita tatu, kufika juu kuna uwazi sarafu inaingia, na picha ya bibi harusi imekatika hapo hapo puani. Tulishusha zote tisa usiku ule ule, iliniuma sana.

Bracketi, yaani vyuma vinavyoshika skrini ukutani, nunua zile za kuvuta mbele hata kama bei imechangamka, maana ikija kufa skrini ya katikati na huna hizo, utafungua na majirani zake wazima. Skrini zenyewe chukua zote kwa mkupuo mmoja, ukija kuongeza baadaye rangi hazifanani, nyeupe moja inakuwa ya bluu nyingine ya njano.

Nyaya zipite kwenye paipu kabla ya plasta, kila waya uandike namba huku na huku. HDMI ya kawaida, ule waya wa kupeleka picha kwenye skrini, ikizidi mita 15 usiitegemee, tumia vile vifaa vya kupitisha picha kwenye waya wa Cat6, ule wa mtandao wa kompyuta, vinafika mpaka mita 100. Umeme uwe na laini yake na sakiti breka yake, na stebilaiza jamani, umeme wetu mnaujua.

Na mwenye ukumbi akikuambia mzigo unaingia kesho wakati mafundi bado wanachomelea na kupiga msasa, mwambie maboksi yakae chumba kingine, yasimame wima yasilazwe, yasifunguliwe mpaka vumbi liishe kabisa.